Mama Aliyemdai Mwanawe Mahakamani: Maisha na Kifo cha Sojourner Truth

Jiwe la kwanza lililowekwa juu ya kaburi lake katika makaburi ya Oak Hill, mjini Battle Creek, jimbo la Michigan, lilisema alifariki akiwa na umri wa miaka 105 hivi. Magazeti ya Novemba 1883 nayo yalishindana kumwongezea miaka. Ukweli ni kwamba Sojourner Truth alizaliwa mnamo mwaka 1797, na alipokata roho alfajiri ya tarehe 26 Novemba 1883 alikuwa na miaka 86 hivi. Hakuna aliyeandika siku aliyozaliwa, kwa sababu aliyezaliwa alikuwa mali ya mtu, na mali hutajwa daftarini siku inaporithiwa au kuuzwa.

Makosa kuhusu umri wake hayakumhuzunisha. Miaka ya mwisho hata yeye alikuwa akijiongezea. Linalonihuzunisha mimi ni kosa jingine, la kumkumbuka kwa hotuba moja tu ya dakika chache, kana kwamba alizuka jukwaani siku hiyo akiwa mtu mzima, hana alikotoka. Kabla hajawa mhubiri, kabla hajawa mpigania haki, alikuwa mtoto wa mwanamke aliyenyang'anywa karibu watoto wake wote. Kisha naye akazaa watano, akampoteza mmoja akiwa mchanga, akamwona mwingine akiuzwa mbali, akaenda mahakamani kumdai. Nguvu iliyompandisha jukwaani ilitoka huko, na ndiko inakofaa tuanzie.

Wengi wetu tumefundishwa kwamba utumwa wa Marekani ulikuwa jambo la Kusini, la mashamba ya pamba na tumbaku. Sensa ya mwaka 1790 ilihesabu watumwa zaidi ya 21,000 katika jimbo la New York peke yake. Bonde la mto Hudson lilikuwa limekaliwa na wakulima wenye asili ya Uholanzi, na katika wilaya ya Ulster Kiholanzi kilikuwa bado lugha ya nyumbani, ya bwana na ya mtumwa. Hapo ndipo alipozaliwa Isabella, jina lake la kwanza, katika milki ya familia ya Hardenbergh, eneo la Hurley. Baba yake aliitwa James, na kwa urefu wake na wima wake watu walimpa jina la utani la Bomefree, lenye maana ya mti. Mama yake aliitwa Elizabeth, na watoto walimwita Mau-mau Bett. Msomaji wa Kenya asishtuke: hiyo Mau-mau ilikuwa namna ya watoto wa nyumba ile kusema mama.

Mau-mau Bett alizaa watoto kumi au kumi na wawili. Isabella alikuwa karibu kitinda mimba. Nyuma yake alikuwapo Peter tu. Wakubwa wake hakuwajua kwa sura. Aliwajua kwa masimulizi ya jioni, pale mama na baba walipokaa gizani wakikumbushana walivyoondoka, mmoja baada ya mwingine. Kisa kimoja kilirudiwa mara nyingi, naye akakibeba hadi uzeeni. Ilikuwa asubuhi ya majira ya baridi. Mvulana wa miaka mitano aliamka mapema, akawasha moto, akamwita mama yake aje aote. Likaja gari la kuteleza kwenye theluji, gari kubwa la kizamani, na mtoto akalifurahia. Alipopandishwa, akaona dada yake wa miaka mitatu anafungiwa ndani ya sanduku la gari lile, ndipo akaelewa. Akaruka, akakimbilia ndani, akajificha chini ya kitanda. Wakamtoa. Gari likaondoka nao wote wawili.

Familia zote za watumwa wa bwana wao, Charles Hardenbergh, wake kwa waume, wakubwa kwa wadogo, walilala katika chumba kimoja chini ya ardhi. Sakafu yake ilikuwa mbao zisizokutana vizuri, na chini ya mbao kulikuwa na maji na tope. Mau-mau Bett aliwatoa watoto wake mle, akawakalisha nje usiku, akawafundisha sala kwa Kiholanzi. Aliwaambia yupo Mungu anayesikia na kuona, na kwamba mwezi na nyota walizokuwa wakiziangalia ndizo zilezile walizokuwa wakiziangalia ndugu zao popote walipopelekwa. Mama asiyeweza kuwaahidi wanawe kwamba atakuwa nao kesho aliwaachia kitu ambacho bwana hawezi kukiuza. Isabella aliomba kwa sauti, nje, akizungumza na Mungu kama mtu anayezungumza na jirani, maisha yake yote.

Charles Hardenbergh alipofariki, mali ikapigwa mnada. Isabella, akiwa na miaka tisa hivi, aliuzwa pamoja na kundi la kondoo kwa dola 100. Aliyemnunua, John Neely, alijua Kiingereza tu. Mtoto alijua Kiholanzi tu. Alitumwa kuleta hiki akaleta kile, akapigwa. Jumapili moja asubuhi alichapwa kwa fimbo zilizofungwa pamoja mpaka damu ikachuruzika, na makovu yake akazeeka nayo.

Wazee wake wakati huo waliachwa huru. Tusiuite huo ukarimu. Bomefree alikuwa amezeeka, macho yanakwisha, hakuna aliyetaka kumlisha. Warithi wakaona heri wamwachilie na mkewe pia, ambaye bado alikuwa na nguvu kidogo, ili mzigo wa kumtunza uwe wa mkewe. Wakaruhusiwa kubaki katika chumba kilekile cha chini ya ardhi. Miaka michache baadaye Mau-mau Bett aliugua ghafla, akaanguka, akafa, akimwacha mzee kipofu peke yake. Isabella na Peter waliruhusiwa kwenda kuzika. Mzee aliwalilia wanawe kama mtoto. Naye baada ya kuzungushwa huku na huku aliishia katika kibanda msituni, akafa kwa baridi, hakuna aliyekuwa karibu. Ndivyo walivyozeeka waliowalisha matajiri wa bonde lile, na ninalitaja hili kwa sababu kifo cha binti yao, miaka mingi baadaye, hakiwezi kupimwa vizuri bila kifo chao.

Baada ya Neely alipita mikononi mwa mwenye baa aliyeitwa Schryver, kisha mwaka 1810 akanunuliwa na John Dumont wa New Paltz, akakaa kwake miaka kumi na sita. Alimpenda kijana wa shamba la jirani, Robert. Bwana wa Robert akampiga kijana huyo mbele ya macho yake kwa kosa la kuja kumwona, kwa kuwa watoto ambao wangezaliwa wangekuwa mali ya Dumont. Baadaye akaozwa Thomas, mtu mzima kuliko yeye. Shambani alimtia mtoto mchanga ndani ya kikapu, akakifunga kamba, akakitundika kwenye tawi, akamwachia mtoto mwingine kazi ya kukibembeza. Alikuwa mwaminifu kwa Dumont kupita kiasi. Mwanawe alipolia njaa, alikuwa radhi amchape kuliko kumpa kipande cha mkate wa bwana bila ruhusa. Mwenyewe alilisimulia hilo baadaye kwa mshangao na uchungu. Mimi naliona kuwa ushahidi mzito kuliko makovu ya mgongoni: utumwa uliingia mpaka kati ya mama na mwanawe.

Sheria za New York za kukomesha utumwa zilikuwa na mtego uliowalenga akina mama. Sheria ya mwaka 1799 ilisema watoto wa watumwa waliozaliwa baada ya tarehe 4 Julai mwaka huo ni huru, ila watamtumikia bwana wa mama yao hadi umri wa miaka 25 kwa wasichana na 28 kwa wavulana. Sheria ya 1817 ikawaahidi uhuru waliozaliwa kabla ya tarehe hiyo, lakini kuanzia 4 Julai 1827, na waliozaliwa baada ya sheria hiyo mpya watumike hadi miaka 21. Maana yake ni kwamba Isabella angetoka huru huku wanawe wakibaki. Dumont alikuwa amemwahidi kumwachilia mwaka mmoja mapema kwa utumishi wake mwema. Siku ilipofika akakataa, akidai kuwa Isabella alikuwa ameumia mkono na hakufanya kazi ya kutosha. Isabella akasokota kwanza karibu ratili mia za sufu, deni aliloona ni haki yake kulimaliza. Kisha, kabla jua halijachomoza, mwishoni mwa mwaka 1826, akaondoka kwa miguu akiwa na Sophia, mtoto mchanga. Isaac na Maria Van Wagenen wakampokea, na Dumont alipokuja kumdai wakamlipa dola 20 kwa mama na 5 kwa mtoto.

Aliwaacha nyuma watoto wengine. Wapo wanaomlaumu kwa hilo, na lawama hiyo siikubali. Watoto wale walikuwa wamefungwa na sheria. Kuwachukua kungekuwa wizi, na kungemrudisha kizuizini pamoja nao. Alimchukua aliyekuwa bado ananyonya. Yaliyofuata yanaonyesha kama aliwasahau wengine.

Mwanawe Peter, wa miaka mitano hivi, alikuwa ameuzwa na Dumont, akapita mikononi mwa ndugu wawili wa ukoo wa Gedney, na mmoja wao, Solomon, akamuuza kwa shemeji yake aliyeitwa Fowler, mwenye shamba Alabama. Kumtoa mtumwa nje ya New York na kumuuza kulikuwa kosa la jinai. Isabella alikwenda kwa mke wa Dumont, akachekwa kwa kelele zote hizo juu ya mtoto mmoja mweusi. Akaenda kwa mama wa kina Gedney, akachekwa tena. Wakweka, Wakristo wa dhehebu lililopinga utumwa, waliokuwa wakiishi jirani ndio waliomwelekeza mjini Kingston, penye mahakama.

Hakujua kusoma wala kuandika. Hakujua baraza la mashtaka ni kitu gani. Aliingia jengoni akamfuata mtu aliyemwona ana hadhi kuliko wote, akadhani ndiye baraza. Akaapa kwamba mtoto ni wake, na makarani wakacheka. Akapewa hati ya kumfikishia askari, akaibeba kwa miguu, nusu anatembea nusu anakimbia, hadi New Paltz. Solomon Gedney, alipoambiwa na wakili wake kwamba anaweza kufungwa miaka 14 na kutozwa faini ya dola 1,000, akafunga safari kwenda Alabama kumrudisha mtoto. Majira yote ya baridi mama alisubiri. Gedney aliporudi na mtoto, akasema mtoto ni wake. Shauri likaanza upya. Wakili akataka dola 5. Isabella akaenda kwa Wakweka, wakamchangia zaidi ya hizo, akampa wakili zote. Watu wakamuuliza kwa nini hakubakiza kidogo anunue viatu, kwa kuwa alikuwa akitembea peku. Alitaka mwanawe; viatu vingesubiri.

Mwaka 1828 mtoto akaletwa mbele ya hakimu. Alipiga kelele, akapiga magoti, akasema mwanamke yule si mama yake. Kovu la usoni akasema alipigwa teke na farasi. Jingine akasema aligonga gari. Kila akijibu alimtazama bwana wake kwanza. Hakimu aliyaona hayo yote, akaamuru mtoto akabidhiwe kwa mama. Mtoto alipotulia, Isabella akamvua nguo, akakuta makovu tangu kichwani hadi miguuni. Katika miaka ile mwanamke mweusi, aliyekuwa mtumwa mwaka mmoja tu nyuma, kumshinda mzungu mahakamani lilikuwa jambo ambalo karibu halijawahi kuonekana. Muda mfupi baadaye zikaja habari kwamba Fowler amemuua mke wake kwa kipigo, dada yake Solomon huyohuyo.

Kwa nini mtoto wa miaka mitano atolewe New York apelekwe Alabama? Kwa sababu ya pamba. Ardhi ya Alabama ilikuwa imefunguliwa kwa kilimo cha pamba miaka michache tu iliyotangulia, na mashamba yale yalimeza watu. Pamba ilipanda kaskazini kwenye viwanda vya Massachusetts, ikawa kitambaa, na sehemu ya kitambaa hicho ikapakiwa katika meli za Salem kuja Unguja. Mwaka 1833 Sayyid Said alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 balozi mdogo wa kwanza wa Marekani akafika Unguja. Merikani, ndilo jina la kitambaa hicho, ikawavika watu wa pwani, ikawa fedha ya misafara hadi Unyamwezi na Ujiji, na ikanunulia pembe na watu. Akina mama waliotenganishwa na wanao kwenye njia za misafara yetu na mama aliyetembea peku Kingston walikuwa ndani ya biashara moja. Sisemi hivi kutafuta udugu wa mbali. Mashine zilizofuma kitambaa kile zililishwa pamba ya mashamba kama la Fowler.

Isabella akahamia jiji la New York na Peter. Huko alikutana na dada yake Sophia na kaka yake Michael, yule mvulana aliyejificha chini ya kitanda, sasa mtu mzima. Michael akamwambia kwamba Nancy, dada yao aliyefungiwa sandukuni, alikuwa akiishi jijini na kusali katika kanisa la Zion, na alikuwa amefariki karibuni. Isabella akamkumbuka. Walikuwa wakisali kanisa moja. Alikuwa amempa mkono, akauona mkono ule unafanana na wake, na hakuna aliyemjua mwenzake. Katika maisha yote ya mama huyu sijakuta jambo linaloeleza utumwa kwa ukamilifu kama hilo.

Peter alikulia jijini vibaya, akaingia katika makundi, akafungwa mara kadhaa. Mwaka 1839 akapanda meli ya kuvua nyangumi iliyoitwa Zone, ya Nantucket. Barua chache zilimfikia mama. Meli ilirudi mwaka 1842 bila Peter, na mama hakumwona tena. Mwanamke aliyeshinda kesi ambayo hakuna aliyetarajia ashinde alimpoteza mwana yuleyule kwa bahari. Mwaka uliofuata, tarehe 1 Juni 1843, aliliacha jiji akiwa na kifurushi cha nguo na jina jipya, Sojourner Truth, msafiri wa ukweli, akaenda kuhubiri barabarani. Mara nyingi badiliko hili huelezwa kwa dini peke yake. Dini ilikuwamo, na kubwa. Lakini mfuatano wa miaka unanifanya niamini kwamba mama asiye na mwana wa kumsubiri tena ndiye aliyeweza kuondoka.

Aliishia Northampton, Massachusetts, katika jumuiya iliyoanzishwa mwaka 1842 na wapinga utumwa waliofuga nondo wa hariri ili wawe na kitambaa kisichotokana na pamba ya watumwa. Huko alikutana na wapinga utumwa mashuhuri, Frederick Douglass na William Lloyd Garrison. Jumuiya ilivunjika mwaka 1846, lakini yeye akabaki hapo, akamsimulia maisha yake Olive Gilbert, na kitabu kikatoka mwaka 1850. Alikiuza mwenyewe kwenye mikutano, na baadaye akauza pia picha zake, amekaa na kazi ya kufuma mapajani, kofia nyeupe kichwani, mapato yakamlipia nyumba. Masimulizi yale ndiyo yaliyotuhifadhia Mau-mau Bett. Bila hayo jina la mwanamke huyo lisingejulikana na mtu yeyote leo.

Sasa hotuba. Tarehe 29 Mei 1851 alisimama katika mkutano wa haki za wanawake mjini Akron, Ohio. Mwezi uliofuata rafiki yake Marius Robinson, aliyekuwapo, aliichapisha hotuba hiyo gazetini: mwanamke anayesema ana misuli kama mwanamume yeyote, kwamba amelima, amevuna, amepasua kuni, na kwamba Yesu alitoka kwa Mungu na kwa mwanamke, mwanamume hakuwa na sehemu. Miaka kumi na miwili baadaye, mwaka 1863, Frances Gage, aliyeongoza mkutano ule, akaandika toleo jingine. Humo Truth anazungumza lafudhi ya watumwa wa Kusini, ambayo mtu aliyekua kwa Kiholanzi cha New York hakuwa nayo. Anarudia-rudia swali, "Je, mimi si mwanamke?", ambalo sasa limechapwa kwenye fulana na mabango, na ambalo Robinson hakuliandika. Na anasema amezaa watoto kumi na watatu.

Kumi na watatu! Alizaa watano. Idadi ile inakaribia ya mama yake. Sitaki kumwonea Gage, aliyemtakia mema. Lakini alimfanyia Truth kile ambacho jiwe la kaburi lilimfanyia baadaye, akamkuza mpaka akaacha kuwa mtu. Mama wa watoto watano aliyeshinda kesi moja hakuonekana kuwa mkubwa wa kutosha.

Mwaka 1858, Silver Lake, Indiana, wanaume waliodai kuwa yeye ni mwanamume aliyejifanya mwanamke walitaka awaonyeshe wanawake kifua chake. Alikifunua mbele ya mkutano wote. Aliwaambia matiti yale yamenyonyesha watoto wa kizungu, na baadhi yao wamekua kuwa wanaume kuliko wao, na kwamba aibu ni yao. Habari hiyo iliandikwa wakati uleule katika gazeti la Garrison, na ndani yake namsikia vizuri zaidi kuliko katika Akron ya Gage.

Wakati huo alikuwa amekwisha kuhamia karibu na Battle Creek, na binti zake wakamfuata na watoto wao. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipozuka, mjukuu wake James Caldwell alijiunga na kikosi cha 54 cha Massachusetts, akatekwa mwaka 1863. Bibi akazunguka Michigan kukusanya vyakula vya askari weusi, kisha akaenda Washington, akamwona Abraham Lincoln tarehe 29 Oktoba 1864. Picha za mkutano ule zimechorwa nyingi. Kazi iliyomweka Washington inatajwa kidogo. Katika kijiji cha watu walioachwa huru huko Arlington, watu kutoka Maryland walikuwa wakivuka kuja kuteka watoto wa waliokuwa watumwa. Mama aliyepiga kelele alitishiwa kufungwa. Truth, aliyekuwa amepita njia hiyo miaka 36 nyuma, aliwafundisha kwamba sasa wana sheria na wana haki ya kwenda mahakamani. Alipotishiwa mwenyewe kuwekwa ndani, hakunyamaza. Mwaka 1865, akiwa na umri wa karibu miaka sabini, kondakta wa tramu alimsukuma hadi bega likaumia. Akamshtaki, na kondakta akapoteza kazi.

Baada ya vita aliona maelfu ya watu huru wakiishi kwa mgao wa serikali Washington, akaanza kudai wapewe ardhi magharibi. Alizunguka na ombi lake miaka kadhaa. Bunge halikulifanyia kitu. Hilo lilikuwa jambo lake kubwa la mwisho, na mwenzake wa safari alikuwa Sammy Banks, mtoto wa binti yake Elizabeth, kijana aliyemsomea Biblia na kumwandikia barua. Sammy aliugua, bibi akaacha yote akarudi nyumbani, na kijana akafariki mwaka 1875 akiwa na miaka ishirini na kitu. Pamoja naye alipoteza macho yake ya kusomea na mkono wake wa kuandikia. Frances Titus, jirani na rafiki, akachukua nafasi hiyo, akakichapisha tena kitabu mwaka huohuo ili deni la matibabu na mazishi lilipwe. Mwaka 1879, watu weusi walipomiminika Kansas kukimbia mateso ya Kusini, bikizee wa miaka 82 alisafiri kwenda kuwaona na kuwasaidia.

Miguu ndiyo iliyomshinda. Vidonda visivyopona vilimtesa miaka mingi, na katika ugonjwa wa mwisho alitibiwa na John Harvey Kellogg, daktari wa Battle Creek ambaye ukoo wake baadaye ulipata jina kwa nafaka za kifungua kinywa. Binti zake Diana na Elizabeth walikuwa wakimuuguza. Ni hapa ninapotaka msomaji awakumbuke wazee wa Hurley. Mau-mau Bett alianguka sakafuni katika chumba cha tope, watoto wake kumi hivi wakiwa wametawanywa, akamwacha mume kipofu. Binti yake alikufa kitandani, katika nyumba aliyoinunua kwa jasho lake, akiwa mikononi mwa watoto aliowazaa, ambao aliishi kuwaona huru. Inakadiriwa watu karibu elfu moja walihudhuria mazishi. Kati ya vifo hivyo viwili, sheria zilibadilishwa na vita vilipiganwa vilivyoua mamia ya maelfu. Na sehemu ya mabadiliko hayo aliyafanya yeye kwa miguu yake.

Heshima zilikuja kwa kuchelewa. Mwaka 1997 gari dogo lililotua sayari ya Mirihi lilipewa jina la Sojourner. Mwaka 2009 sanamu yake ya kichwa na mabega iliwekwa katika jengo la Bunge la Marekani, ya kwanza ya mwanamke mweusi humo. Mwaka 2013 huko Port Ewen, karibu na alikofanya kazi utotoni, ilisimamishwa sanamu ya msichana Isabella amebeba mitungi, na naipenda kuliko nyingine kwa sababu inamkumbuka alipokuwa hana jina kubwa. Lakini kubwa kwangu ni lililotokea mwaka 2022, hati za kesi ya Peter zilipotambuliwa katika nyaraka za jimbo la New York. Humo mwanamke anaeleza chini ya kiapo kwamba ana mwana, kwamba mwana huyo ameuzwa kinyume cha sheria, na kwamba anamtaka. Ameweka alama mahali pa saini. Robinson hakuzipitia, Gage hakuzitia chumvi. Kitabu cha shule kitakachomtaja Sojourner Truth kianze na karatasi hizo za Kingston, mwaka 1828. Akron ije baadaye.